Mchezaji Pekee wa Shogi Musoma: Tunamuaga Fundi Kasmiri Werema

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ijumaa tarehe 30 Desemba 1994, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya malori hapa Musoma, Mzee Kasmiri Werema, atavua ovaroli, atanawa mikono kwa petroli kama ilivyo desturi yake, kisha atapanda gari kwenda nyumbani kwake Suguti. Kamati ya sherehe imeniomba mimi Getruda, mtunza stoo, niandike wasifu wake katika ratiba hii, na imenisihi niweke vichekesho ili wageni wasisinzie wakati pilau linaiva. Nitajitahidi. Ila niseme mapema kwamba nina kinyongo kidogo na mstaafu wetu. Hakuna aliyemfukuza. Miaka mitatu ya kazi bado anayo mkononi, meneja anamtaka, na yeye kaamua kuondoka.

Mzee Kasmiri alizaliwa Suguti mwaka 1937, kwa watu wanaolima mvua ikinyesha na kuvua ikikatika. Alianza kazi mwaka 1963 akiwa utingo wa lori lililokuwa likisomba pamba kutoka Bunda. Utingo wa siku hizo alikuwa mtu wa kutupia gogo nyuma ya tairi mlimani, kufunga turubai na kusukuma. Lori lenyewe liliharibika mara kwa mara, na dereva wake alikuwa hodari wa kulala kivulini mpaka msaada ufike. Kasmiri hakuweza kulala. Aliingia chini ya gari akatazama, na kwa kutazama huko akawa fundi. Baadaye alipelekwa Mwanza kusomea injini za dizeli, akarudi na cheti na tabia ya kuzungumza na injini kwa sauti ya chini. Mwaka 1977 alikabidhiwa karakana nzima.

Vijana walioajiriwa juzi, wanaoona duka la spea kila kona, hawawezi kujua tulikotoka. Baada ya vita vya Uganda nchi ilikauka. Malori yetu mengi yalikaa juu ya mawe. Ukihitaji mkanda wa feni uliandika barua, ukasubiri, ukasahau kwamba uliandika. Tulikula ugali wa Yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kushukuru. Mzee Kasmiri alikata gasketi kwenye soli za viatu, na siku tanki la dizeli lilipotoboka alilisiliba kwa kipande cha sabuni. Hapo ndipo alipokosana na marehemu mkewe, Mama Benedikta, maana sabuni yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo moja tu nyumbani, na aliipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Lori liliendeshwa na Nyamhanga, dereva wetu mwenyeji wa Butiama, likaenda Bunda na kurudi na marobota. Mama Benedikta alifua kwa majivu wiki nzima, na kila aliyempitia kumsalimu aliambiwa, "Sabuni yangu imesafiri. Iko na Nyamhanga huko barabarani."

Neno la Mzee Kasmiri lilikuwa kwamba gari halifi mpaka fundi achoke. Wakaguzi walikuja na chaki, wakaandika kwenye milango ya malori kwamba hayafai tena, wakaondoka. Yeye alisubiri vumbi lao litulie, akachukua kitambaa, akafuta chaki. Yapo malori mawili hapo uani, yaliyoandikwa hayafai nikiwa bado msichana, ambayo leo asubuhi yamepeleka saruji Bweri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wengi watakuwa wamelisikia kijuujuu. Mwaka 1979 alitujia fundi wa kujitolea kutoka Japani, Bwana Morita, kijana mwembamba aliyekuja kutufundisha malori ya kwao. Mchana, sisi wengine tulipokuwa tukila, Bwana Morita alikaa peke yake kwenye benchi la vifaa, mbele ya ubao wa miraba, akisogeza vipande vya mbao. Alikuwa akicheza na nafsi yake. Mzee Kasmiri alimtazama kwa siku kadhaa kama alivyokuwa akitazama injini, na hatimaye akavuta debe akaketi upande wa pili. Kiswahili cha Morita kilikuwa bado cha kuhesabu vidole na Kiingereza cha Kasmiri kilikuwa cha kuombea maji, lakini walielewana.

Mchezo unaitwa shogi. Ni ndugu wa chesi, na lengo ni kumbana mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kwenda. Tofauti ni kwamba kete zote zina rangi moja. Zina ncha, na ncha ndiyo inayosema kete ni ya nani. Ukiteka ya mwenzako huitupi. Unaigeuza ncha, unaiweka akiba, na zamu yako ikifika unaweza kuirudisha ubaoni mahali palipo wazi, ikupiganie wewe. Nyamhanga aliposikia hivyo alipiga makofi. "Mura, kumbe hawa nao ni watu wa Mara! Unateka ng'ombe leo, kesho unakamua." Mzee Kasmiri alizipa kete majina yake mwenyewe. Ile inayokwenda moja kwa moja umbali wowote aliiita lori. Ile inayokwenda kona kona aliiita mlevi. Zile ndogo za mbele, zinazosonga hatua moja moja, aliziita askari.

Bwana Morita alitusimulia pia kwamba kwao kuna watu ambao kazi yao ya mshahara ni kucheza shogi tu. Nyamhanga alikataa katakata kuliamini hilo, na mpaka leo hajaamini. Wakubwa wa kazi hiyo hugombea vyeo. Bingwa mwenye cheo huketi kwenye mkeka na mpinzani wake, wote wamevaa majoho, na mchezo mmoja huchukua siku mbili. Hucheza mpaka mmoja ashinde mara nne. Jioni ya siku ya kwanza, mwenye zamu huandika hatua yake kwa siri, inatiwa kwenye bahasha, inafungwa, na inafunguliwa asubuhi mbele ya wote, ili mwenzake asipate usiku mzima wa kuifikiria.

Desturi hiyo ililetwa karakana. King'ora cha jioni kilipolia mchezo haujaisha, mwenye zamu aliniletea bahasha stooni, nami niliifungia kwenye kabati la injekta za dizeli. Nilifanya hivyo karibu miaka mitatu, na sikuwahi kuchungulia. Mwaka 1982 muda wa Bwana Morita ukaisha. Alimwachia Mzee Kasmiri ubao na kete zote, wakapeana mikono, na kilichotufikia baada ya hapo ni kadi moja ya mwaka mpya yenye picha ya mlima.

Wiki iliyofuata, king'ora kilipolia, Mzee Kasmiri alikuja stooni na bahasha. Nilimuuliza anacheza na nani. Akanijibu kwa upole kwamba upande mmoja ni yeye na upande wa pili ni yeye, ila yule wa upande wa pili hapaswi kujua mapema. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kisha nikamtazama usoni, nikaacha kucheka, nikaifungia bahasha ile pamoja na injekta.

Msidhani hakutafuta wenzake. Alimfundisha Nyamhanga, aliyecheza siku tatu akarudi kwenye drafti ya vizibo vya soda. Alinifundisha mimi, kete zote zikawa sura moja machoni mwangu, na siku ya kwanza nilijiteka mwenyewe. Alimfundisha Mama Benedikta, ambaye alisema mke mwenza anamkubali, ila si wa mbao. Basi mchana sisi tulikaa huku tukicheka, na yeye akakaa kule kwenye benchi lilelile, debe la upande wa pili likiwa tupu. Tulizoea. Mtu akizoeleka kuwa peke yake, watu hudhani anapenda.

Mwaka uliofuata, siku moja tusiyoitarajia, sanduku la spea lilitufikia kutoka Japani. Karakana nzima ilikimbilia pistoni. Mzee Kasmiri alizipita pistoni akachukua gazeti lililozifunga. Alilikunjua juu ya meza yangu akalipiga pasi kwa kiganja. Lilikuwa la Kijapani, na katikati palikuwa na picha ya wanaume wawili wenye majoho, mmoja mzee na mmoja kijana, wameketi kwenye mkeka. Yule mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Chini ya picha palichorwa ubao wa shogi, na pembeni zilipangwa hatua zote za mchezo, ya kwanza hadi ya mwisho. Morita alikuwa amemfundisha kusoma tarakimu na majina ya kete. Hakuhitaji zaidi ya hayo. Mchezo wa kugombea cheo ulikuwa umekuja Musoma umefunga pistoni.

Alianza kuuchambua mchana uleule. Alipanga kete, akasogeza hatua ya mpinzani, akakaa, akajiuliza kwa nini. Akasogeza ya bingwa, akakaa tena. Mwanzoni alitusimulia, nasi tulisikiliza kwa adabu. Kijana, alisema, amelala chini anangoja, haharakishi. Mzee naye, ambaye ndiye bingwa mwenye cheo, anajenga ukuta kwa kete za ulinzi, dhahabu mbili na fedha moja, kama boma la ng'ombe. Halafu kijana akamtoa sadaka mlevi wake, kete kubwa, akapokea badala yake njia ya kupitisha lori. Mzee Kasmiri alikaa na hatua hiyo moja mwezi mzima. Alipoielewa alisimama akatembea mpaka getini akarudi, akiwa amejishika kichwa, kisha akaniambia, kwa jina la utani alilonipa stooni, "Mama Shida, huyu kijana ni hatari. Alikuwa anaona mbali kama mtu aliyepanda juu ya kichuguu."

Mwisho wa mchezo ndio uliomkera. Lori la kijana lilipenya hadi mstari wa nyuma kabisa, likamlenga mfalme wa mzee kwa pembeni. Na hapo, mfalme akiwa bado amesimama, dhahabu yake moja ikiwa bado nzima, na akiba yake ya kete ikiwa bado kubwa, bingwa aliinamisha kichwa akasema ameshindwa. Mzee Kasmiri hakukubali. Kwake ilikuwa ni kama wale wakaguzi wa chaki. Vipi mtu aandike kwamba gari halifai, na injini bado inapumua? Alisema lazima kuna hatua ambayo yule mzee hakuiona, na kwamba yeye ataitafuta mpaka aipate. Alikuwa hazungumzii ubao peke yake, nadhani. Miaka ile kila ulichokigusa ulikuwa unaambiwa kimekwisha.

Aliitafuta kwa miaka mitatu, na mwaka 1986, mitumba ilipoanza kuuzwa hadharani na sukari ikarudi madukani, alitangaza kwamba ameipata. Ilikuwa hatua ndogo. Bingwa angechukua askari mmoja kutoka akiba yake akamweka chini kabisa, bega kwa bega na mfalme, azibe njia ya lori. Kete ndogo kuliko zote ingezuia kete kubwa. Kijana angelazimika kupoteza zamu moja, na kwa zamu hiyo moja bingwa angeanza kushambulia yeye, hatua baada ya hatua, hadi mfalme wa kijana akose pa kwenda. Alitupangia yote mbele yetu.

Sote tulimpongeza. Nyamhanga alisema, "Nilijuaga tu." Meneja wa wakati ule alimpa mkono. Mimi nilisema, "Hongera, Mzee, umemwokoa babu wa watu." Nasi hatukujua tunachokipongeza. Angetuambia bingwa alipaswa kuuza mfalme akanunua mbuzi, tungempongeza vilevile. Aliondoka katikati yetu na furaha yake, akarudi kwenye benchi, na nikaona namna anavyolitazama lile debe tupu.

Mama Benedikta alifariki mwaka 1989. Ubao ulikaa stooni kwangu mvua moja nzima, kisha akauomba tena. Wakati huo huo mambo ya karakana yalikuwa yanageuka. Ruksa ya biashara huria ilikuja, malori ya watu binafsi yakaingia Bunda, malori yetu ya ushirika yakapungua kazi, wenzetu wengi wakapunguzwa pamoja nayo. Tuliobaki tukawa tunatengeneza pikapu za watu. Kelele za mchana zilipungua mpaka ukawa unasikia kete ikitua kwenye ubao kutoka upande wa pili wa uwanja.

Mwezi wa sita mwaka huu, gari la mhandisi mmoja wa Kijapani, Bi. Sakai, aliyekuwa anazungukia vijiji vya Murangi kwa ajili ya pampu za maji, lilivunjika springi za nyuma. Lilivutwa mpaka kwetu. Springi zilipaswa kuagizwa Mwanza, hivyo ilimbidi asubiri. Alikuwa anatembea tembea uani akinyoosha miguu, akafika kwenye benchi la vifaa, akasimama. Nilikuwa nikimtazama kutoka dirishani. Aliweka mkono mdomoni.

Mzee Kasmiri alitoka chini ya gari la mgeni, nami nikatoka stooni kuwatafsiria kwa Kiingereza changu. Mtu mwingine angesema, karibu tucheze. Yeye alikuwa ameingoja siku ile miaka minane. Alitoa lile gazeti, lililokwisha kuwa laini kama kitambaa, akalikunjua, akapanga kete kama zilivyokuwa pale bingwa alipoinamisha kichwa. Bi. Sakai alisoma majina ya wale wawili kwa sauti akacheka kwa mshangao. Mchezo ule aliukumbuka. Baba yake aliufuatilia gazetini, yeye Bi. Sakai akiwa bado mwanafunzi. Alisema ulikuwa wa pili tu kati ya saba. Mzee Kasmiri aliitikia kwa kichwa bila kusikiliza. Alichukua askari kutoka akiba ya bingwa, akamweka pale chini, bega kwa bega na mfalme, akaondoa mkono.

Bi. Sakai aliinama juu ya ubao. Kisha akaweka kidole juu ya yule askari, akakipandisha polepole kwenye safu ileile mpaka kikagusa askari mwingine wa bingwa aliyekuwa mbele. Akatikisa kichwa. "Hapana," alisema kwa Kiswahili. "Mbili, hapana."

Mzee Kasmiri alidhani anamwambia hatua si nzuri. Akaanza kumwonyesha yanayofuata. Mama wa watu akamzuia mkono, kwa heshima kabisa, akarudia. Ilituchukua muda, Kiingereza changu na chake, kuelewa. Katika shogi huruhusiwi kuweka askari wako wawili kwenye safu moja ya kwenda mbele, mmoja nyuma ya mwingine. Ni mwiko tangu zamani. Hata bingwa akisahau akafanya hivyo, mchezo umemwisha papo hapo. Hatua ya Mzee Kasmiri haikuwa mbaya. Haikuwepo. Yule mzee wa gazetini hakushindwa kuiona, hakuwa nayo.

Niliogopa kumtazama Fundi wangu. Alikaa na yule askari kiganjani. Aliuliza, kama mtoto, je, hata anayejifunza haruhusiwi? Bi. Sakai akasema, hata anayejifunza. Basi akasema kwa Kiswahili, si kwa mtu yeyote, "Morita aliniachagia. Siku ya kwanza kabisa niliweka wawili. Akafungua mdomo, akacheka, akaniacha." Halafu akasema jambo ambalo limenikaa kifuani tangu siku ile. Alisema kwamba katika michezo yote waliyocheza, Morita mwenyewe hakuwahi hata mara moja kuweka wawili. "Nikadhani ndiyo staili yake."

Nimefikiria sana kuhusu Bwana Morita. Kijana yule alikuwa mbali na kwao, hana mtu, na siku moja mtu kavuta debe akaketi. Ungekuwa wewe, ungeanza kwa kumkatalia? Aliogopa debe lisije likabaki tupu. Nami siwezi kumlaumu. Lakini huruma yake ilimgharimu rafiki yake zaidi ya miaka kumi, kwa sababu alipoondoka hapakuwa na mtu mwingine mkoa mzima wa kumwambia hapana.

Sasa niwaambie cha kushangaza. Walicheza mpaka springi zikafika, na Mzee Kasmiri alishindwa kila mchezo. Kila alipokosea, Bi. Sakai aliinua kidole, na yeye akarudisha kete. Kila alipozubaa aliadhibiwa. Nami nawaambia, nilimfahamu mtu huyu akiwa na mke, akiwa na cheo, akiwa na pongezi za meneja, na sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile. Alikuwa akipiga paja na kuguna. Alisahau kula. Kucheka kwake kulimfanya Nyamhanga aje kutoka getini kuuliza nani amekufa. Gari lilipokuwa tayari alilijaribu mara tatu barabarani, na sote tulijua halina kasoro.

Bi. Sakai aliondoka kwenda zake. Mzee Kasmiri alipanga tena ule mchezo wa gazetini, safari hii bila yule askari, akauchambua upya. Alijaribu kuzuia lori kwa dhahabu. Akakosa dhahabu ya kumlinda mfalme. Alijaribu fedha, ikatekwa, ikageuzwa ncha, ikarudi kumshambulia. Alijaribu kukimbia. Mwezi wa nane alinijia stooni akasema kwamba yule bingwa alikuwa sahihi. Hatua zote zilizobaki alikuwa ameshaziona, mpaka ya mwisho, ndiyo maana aliinama mapema. Alisema ni adabu ya mchezo. Mtu anayeujua hangoji mfalme wake akamatwe. Mwezi wa tisa akaandika barua ya kustaafu kwa hiari.

Meneja alimbembeleza. Mimi nilimgombeza. Nilimwambia, hapana Mzee, safari hii umekosea uchambuzi. Bingwa wako hakuacha shogi. Aliacha mchezo mmoja, wa pili kati ya saba. Akanywa maji, akalala, na siku nyingine akaketi tena kwenye mkeka akaanza wa tatu. Nilijiona nimempata. Mzee Kasmiri alihesabu kwa vidole, wa kwanza, wa pili, akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Sawa, Mama Shida. Wa tatu nitachezaga na nani?"

Nikaingia ndani nikapanga injekta zilizokwisha kupangwa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa karakana, tuliopo na waliopunguzwa, na kwa niaba ya madereva aliowarudisha kwa watoto wao kwa breki alizozifunga mwenyewe, nakushukuru, Fundi. Wenzangu wamekuandalia mabati ya kuezeka nyumba yako, na leo watapita mmoja mmoja kwenye kipaza sauti kukuombea amani na utulivu. Mimi sikuombei utulivu. Ulikuwa nao hapa wa kutosha, pale kwenye benchi, na nilikuwa nakuona.

Mimi nakuombea Suguti upate jirani mbishi. Mtu wa kubisha hodi bila kualikwa, asiyekuheshimu kupita kiasi, wa kukushika mkono na kukwambia umekosea, rudisha. Na mpaka Mungu atakapomleta huyo, Jumapili baada ya misa nitakuja mimi. Kete bado nazichanganya, na sitakudanganya kwamba nitakuwa mpinzani. Lakini nimekaa stooni miaka yote hii, na kama kuna neno moja ninalolijua kulisema kwa watu wazima bila kupepesa macho, ni hapana. Nifundishe tu mahali pa kulisema. Uende salama, Mzee Kasmiri, na debe la pili uliweke tayari.